Bikira Maria kwa Nkambo Yangu

Bikira Maria wa utoto wangu hapa Kamina, miaka ya sitini, alikuwa mwanamke mweupe wa plasta mwenye shela ya buluu, amesimamishwa juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Walimleta mapadri Wafransisko kutoka Ubelgiji. Tulimwimbia kwa Kilatini, tukapiga magoti, tukarudi nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na Maria mwingine. Padri Placide Tempels, yule aliyeishi na Waluba na kuandika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianzisha Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki, kule Kolwezi katika miaka ya hamsini, na mafundisho yakaenea miji ya Katanga. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitwa Baba na Mama. Jioni, baada ya bukari, yaani ugali, watu wazima walikaa uani wakirudia mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hapo Maria alizungumzwa kama mama mwenzao, aliyekubali neno moyoni kabla hajalibeba tumboni.

Nkambo yangu (ndivyo tunavyomwita mzazi wa mzazi) hakujua kusoma, lakini mafundisho hayo aliyapokea kama habari za ukoo wake. Na kwa nini asiyapokee? Waluba walichonga viti vya wafalme wao vikiwa vimeinuliwa na mwanamke kwa kichwa na ncha za vidole. Mfalme akifa, roho yake ilikaa kwa mwanamke, mwadi. Mtu aliyelelewa katika mila hiyo hahitaji kubembelezwa akubali kwamba Mkombozi alipitia kwa mama. Shapele ya nkambo, yaani rozari yake, ilikuwa ya mbegu, uzi wake umekatika na kuungwa hata mafundo yakawa karibu sawa na mbegu zenyewe. Aliisali kwa Kiluba, akimweleza Maria nani anaumwa na nani hajalipwa mshahara.

Kisha ikaja 1972. Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alikataza majina ya ubatizo, na dada yangu Marie akapewa shuleni jina la shangazi aliyekufa zamani. Mama alimwita Marie ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Nje alitumia lile jingine. Mwaka 1974 hata Noeli ilifutwa katika sikukuu za taifa. Maaskofu nao, katika miaka hiyo, waliibana Jamaa kwa kuhofia mafundisho yake. Wazazi wetu waliumia pande zote mbili, na bado naona hawakustahili.

Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite mwenye heri kule Kinshasa. Sista huyo, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, alikuwa akitembea na sanamu ndogo ya Maria mfukoni. Mfukoni, si juu ukutani! Miaka mitatu baadaye Roma ikaidhinisha Misa kwa utaratibu wa Zaire. Mwanzoni kabisa wanaitwa Maria na watakatifu, halafu mababu zetu waliomtafuta Mungu. Nkambo alikuwa amekwisha kuzikwa. Nililia kanisani siku ya kwanza nilipoisikia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akisali yeye, wote pamoja, bila ruhusa ya mtu.

Wametodisti na Wapentekoste ni wengi Kamina, na zamani walituita waabudu sanamu. Ubishi huo haujaisha, ila umepoa. Nimewasikia akina mama wao wakihubiri Luka sura ya 1, wimbo wa yule binti wa Nazareti kuhusu wakubwa wanaoshushwa na wenye njaa wanaoshibishwa, kwa moto ambao sisi Wakatoliki mara nyingi hatuna.

Wale Baba na Mama wa Jamaa waliokaa uani kwetu wamebaki wachache sana. Kama unaye mmoja mtaani kwako, nenda ukae naye, umwulize alifundishwa nini kuhusu Bikira Maria, na uandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe.