Amoksisilini mbili za kuonja

Wiki iliyopita, katika farmasia moja ya mtaani kwetu hapa Bukavu, mama mmoja aliomba amoksisilini mbili. Muuzaji hakuuliza mgonjwa ni nani wala ana umri gani. Alikata vidonge viwili kwa mkasi, akapokea franga, mama akaenda.

Simlaumu mama yule. Kwenye kituo cha afya kuna fishi ya kulipia, kuna vipimo vya kulipia, halafu dozi nzima. Pesa hiyo hiyo inangojewa na unga wa jioni.

Lakini ndugu wasomaji, tujue dawa hii inavyofanya kazi. Amoksisilini ni ya ukoo wa penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928. Inazuia bakteria kujenga ukuta wake, naye anapasuka. Seli za mwili wetu hazina ukuta huo, kwa hiyo zinapona. Mafua yanaletwa na virusi, malaria inaletwa na kimelea cha mbu; hao nao hawana ukuta huo, na amoksisilini haiwafanyi kitu.

Kati ya bakteria wengi, wamo wachache wanaotoa kitu kinachokata dawa kabla haijawafikia. Dozi ndogo inaua wanyonge na kuwaachia wenye nguvu nafasi yote. Wanazaana, na wanaweza kuwapa bakteria wengine uwezo huo. Fleming mwenyewe alionya juu ya dozi ndogo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Hapa Congo watafiti wamekwisha kukuta Salmonella katika damu ya watoto, isiyosikia tena dawa nyingi za kawaida. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu alilazwa siku kumi na moja. Dawa ya kwanza haikushika, ya pili haikushika. Ya tatu, ya sindano, ndiyo ilimponya. Ili kulipa, mama yake aliuza cherehani aliyokuwa akilishia nyumba.

Basi tuulize kwanza: huu ni ugonjwa wa bakteria kweli? Tumalize dozi kama muganga alivyoandika, tusimgawie jirani iliyobaki. Na wakubwa wa afya nao wajue: mradi kipimo kinashinda bei ya vidonge viwili, watu wataendelea kununua viwili.