Safari ya Provence: Nchi ya Maua ya Lavenda

Ndugu msomaji, mwezi huu tunasafiri mbali. Tunakwenda Ulaya, katika nchi ya Ufaransa. Tutatembelea sehemu ya kusini iitwayo Provence. Wakulima wa huko wana zao la ajabu. Haliliwi kama mahindi, wala halisokotwi nyuzi kama pamba. Zao hilo huuzwa kwa sababu ya harufu yake.

Mmea huo huitwa lavenda. Ni kichaka kifupi, humfika mtu magotini. Majani yake ni membamba, na maua yake ni ya zambarau. Huenda umekwisha kuinusa harufu yake katika sabuni au manukato.

Nchi ya mawe na jua

Tupande kwanza uwanda wa juu wa Valensole. Hapa ni zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Ukifika mwezi wa Julai, utaona mistari mirefu ya maua, imenyooka kama iliyopimwa kwa kamba. Nyuki wanavuma kila upande.

Sasa tazama chini. Udongo umejaa mawe. Wakati wa kiangazi jua ni kali na mvua ni chache. Mimea mingi ingepata taabu, lakini lavenda hustawi. Mmea huu hautaki mbolea nyingi wala maji mengi. Adui yake mkubwa ni maji yanayotuama, kwa maana mizizi yake huoza.

Zamani watu hawakuipanda. Iliota yenyewe milimani. Wachungaji na watu maskini waliikata kwa mundu na kuiuza. Karne ya 20 ilipoanza, viwanda vya manukato vya mji wa Grasse vilihitaji mafuta mengi zaidi. Ndipo wakulima wakaanza kuipanda mashambani.

Kazi ya mkulima

Ziko aina mbili kubwa. Lavenda halisi hupandwa juu milimani. Mafuta yake ni machache, lakini ni bora. Aina ya pili ni chotara, huitwa lavandini. Hupandwa sehemu za chini na hutoa mafuta mengi. Lavandini haizai mbegu, kwa hiyo hupandwa kwa vipandikizi vya matawi.

Mwaka wa kwanza mkulima havuni kitu. Mavuno mazuri huanza mwaka wa tatu. Kila mwaka mmea hupunguzwa ili usiwe mrefu na kuvunjika. Lakini lazima akate kwa uangalifu. Akikata hadi kwenye mti mkavu wa zamani, tawi hilo halichipui tena.

Maua yakishavunwa, hupelekwa kiwandani. Hujazwa katika pipa kubwa, na mvuke wa maji ya moto hupitishwa ndani yake. Mvuke huchukua mafuta ya maua. Ukipozwa, hugeuka kuwa maji, na mafuta huelea juu. Kazi hii huitwa kukeneka. Hata kisiwani Pemba, makonyo ya karafuu hukenekwa kwa njia ya namna hiyo. Kupata kilo 1 ya mafuta ya lavenda halisi huhitaji zaidi ya kilo 100 za maua.

Adui aliyejificha

Shamba la lavenda liliweza kudumu miaka kama 10. Kisha wakulima wakaona jambo la kutisha. Mimea ilikauka ikiwa bado michanga, mmoja baada ya mwingine. Mashamba mengine yaling'olewa baada ya miaka michache tu. Familia zilipata hasara kubwa.

Wataalamu walichunguza, wakamkuta mdudu mdogo arukaye. Mdudu huyo hufyonza maji ya mmea mgonjwa, kisha huupeleka ugonjwa kwa mmea mzima. Watoto wake hukaa ardhini, kwenye mizizi. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioambukizwa.

Basi wakulima wakabadili desturi. Kwanza, walitafuta miche safi kutoka vitalu vinavyokaguliwa. Pili, walibadili palizi. Zamani waliona fahari kuacha udongo ukiwa wazi kabisa kati ya mistari. Sasa wengi hupanda nafaka, kunde au nyasi katika nafasi hiyo. Magugu yanayousonga mmea wenyewe huondolewa, lakini udongo wa katikati hufunikwa. Imeonekana kwamba udongo ukifunikwa, wadudu hao hupungua. Tena mvua haichukui udongo.

Shida haikuishia hapo. Bei ilipokuwa nzuri, wengi walipanda lavandini kwa wakati mmoja. Baada ya mwaka 2020 mafuta yakazidi mahitaji, na bei ikaanguka. Wengine walilazimika kung'oa mimea yao. Aliyekuwa na ngano au mizinga ya nyuki pembeni alikuwa na pa kushika.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, ardhi ya mawe ilizaa mali kwa sababu watu waliujua mmea wao. Tena walikubali kuacha desturi ya zamani ilipowadhuru. Wewe je? Udongo wa shamba lako umefunikwa, au umeachwa wazi? Miche yako imetoka wapi? Bei ya zao lako ikianguka, una zao gani jingine? Zungumza na jirani zako juu ya maswali hayo kabla ya msimu kuanza.