Kwetu Kulikokataliwa

Mkenya akitangaza kwamba anakwenda Yerusalemu kusoma Kiebrania, jamaa zake husikia Yerusalemu tu. Hilo la kusoma hupita upande wa pili. Nilikuwa mwanafunzi wa historia Boston nilipopata nafasi ya kwenda huko kiangazi cha 2019, katika Chuo Kikuu cha Kiebrania kilichoko Mlima Scopus. Nilipompigia mama simu Eldoret, jibu lake lilikuwa moja: "Baba, niletee maji ya Yordani. Na mafuta ya mizeituni, yale ya kuombea." Shangazi naye akatuma orodha yake. Kwetu nchi ile ni ya Biblia, na anayeikanyaga amehiji hata kama mkobani ana kamusi na kalamu tu.

Hija yangu iliishia darasani. Kozi hizo za Kiebrania huitwa ulpani. Masomo ni asubuhi hadi mchana, na mwalimu wetu hakukubali lugha nyingine hata ya kuombea ruhusa ya kwenda msalani. Unaandika kutoka kulia, na kwa kawaida irabu haziandikwi. Msomaji anatarajiwa awe nazo kichwani. Mtoto wa Lamu aliyepitia madrasa angeniacha mbali. Nilikaa na Wamarekani wa Kiyahudi waliokuja kutafuta lugha ya mababu, Wakorea wa makanisa, mtawa mmoja mwenye hati nzuri ajabu, na Wapalestina wa Yerusalemu Mashariki waliohitaji Kiebrania ili wapate kazi. Kwenye treni ya mjini wazee wa Kiethiopia walinisalimu kwa Kiamhari, wakasikitika niliposhindwa kuitikia.

Wa kulaumiwa kwa mateso yangu ya vitenzi ni Eliezer Ben-Yehuda. Alihamia Yerusalemu mwaka 1881, wakati Kiebrania kilikuwa lugha ya sala, vitabu na barua za wasomi, si ya kununulia nyanya. Mwanawe wa kwanza alipozaliwa mwaka uliofuata, baba aliapa kwamba mtoto huyo hatasikia lugha nyingine. Inasimuliwa kwamba siku moja alimkuta mkewe akimbembeleza mtoto kwa wimbo wa Kirusi, akawaka. Leo mamilioni ya watu wanatukanana barabarani kwa lugha hiyo. Hakuifufua peke yake, bila shaka. Kulikuwa na shule na walimu, na wahamiaji waliotoka Urusi, Yemeni na Moroko ambao hawakuwa na lugha ya pamoja ya kupatanishia bei.

Sitaki ukali wa mzee huyo nyumbani kwangu. Lakini kila Jumapili, nje ya kanisa letu la Boston, tunasimama wazazi wa Kenya na Tanzania tukiongea Kiswahili, watoto wetu wanatujibu kwa Kiingereza, nasi tunacheka kana kwamba ni kichekesho. Yule alikuwa na lugha isiyo na watu akaitafutia watoto. Sisi tuna lugha yenye watu wake wote hai, na tunashindwa kuifikisha hadi meza ya chakula.

Somo lililonikalisha macho halikuwa la sarufi. Katika mihadhara ya alasiri tulioneshwa ramani ya mpango unaoitwa wa Uganda. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa kinyama mjini Kishinev, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa Wazayuni wazo la kupewa ardhi Afrika Mashariki. Kiongozi wao, Theodor Herzl, akalipeleka kwenye kongamano lao Basel mwezi Agosti. Kura 295 ziliunga mkono tume ya kwenda kuikagua, 178 zikapinga. Wajumbe kutoka Urusi walitoka ukumbini wakilia, na wapo walioketi sakafuni kama watu wa matanga. Na Ben-Yehuda, baba wa Kiebrania, alikuwa upande wa waliotaka kwenda Afrika.

Jina la Uganda linawapotosha watu. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, yaani Eldoret, yaani kwa mama. Niliiangalia ramani ile nikatafuta mto Sosiani. Tume ilifika mapema mwaka 1905, ikarudi na taarifa ya kukatisha tamaa, na kongamano la mwaka huo likakataa. Walowezi wa Kizungu nao walikuwa wamepiga kelele nyingi kupinga. Wanandi, ambao ng'ombe wao walilisha huko, hawakuulizwa na mtu. Oktoba mwaka huohuo Waingereza walimpiga risasi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Makaburu wakaja na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908.

Mwenzangu wa darasani, kijana wa Issawiya, kijiji cha Wapalestina kilichoko chini kabisa ya chuo, alinisubiri mlangoni. Akaniuliza, wangekubali, wewe leo ungekuwa nani huko Eldoret? Nikamwambia pengine ningekuwa darasani, nikijifunza Kiebrania nipate kazi. Tulicheka sana, zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. Sikumsimulia habari za babu yangu, aliyenunua shamba Uasin Gishu kupitia kampuni ya ardhi baada ya uhuru, wala za ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, tulipoambiwa turudi kwetu.

Agosti ikaleta Tisha B'Av, siku ya kufunga na kuomboleza Hekalu lililobomolewa na Wababeli, na la pili lililoteketezwa na Warumi mwaka 70. Usiku watu waliketi juu ya mawe mbele ya Ukuta wa Magharibi wakisoma Maombolezo kwa sauti ya chini. Mwaka ule siku hiyo iliangukia Idi kubwa, tarehe 11 Agosti. Mlima uleule wa Hekalu, hawa wanaulilia, wale wanauendea kwa swala ya Idi, na katikati polisi na mabomu ya kutoa machozi. Niliomba radhi kwa mama: sikuwa na hamu ya kupiga picha.

Hata hivyo, niliyojifunza kuhusu maombolezo hayo yamenikaa. Wayahudi walitunza Yerusalemu kwa karne nyingi kwa mambo madogo ya nyumbani: bilauri inayovunjwa arusini, sala inayoelekezwa upande mmoja, na desturi ya kuacha kipande cha ukuta wa nyumba bila plasta ili mwenye nyumba akumbuke kuna pengo. Sisi wa Boston tumepanga vyumba vyenye plasta ya mwenye nyumba, na huko Eldoret tunajenga maghorofa yaliyopigwa rangi hadi dari, yanakaliwa na mlinzi na kuku wake. Tumeweka kumbukumbu kwenye saruji. Watoto hawawezi kuila wala kuiimba.

Lakini sitaki kumpamba mtu. Wayahudi wa Ethiopia walielekeza sala Yerusalemu kwa vizazi, na Mei 1991 zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege kwa muda wa takriban siku moja na nusu. Mwanzoni mwa Julai 2019 watoto wao walikuwa wanafunga barabara na kuchoma matairi, baada ya polisi aliyekuwa nje ya zamu kumuua kijana Solomon Tekah karibu na Haifa. Wamefika, na bado wanadai kufika. Niliwafikiria wale wazee wa kwenye treni, na mama akinihimiza kila mwaka nirudi nyumbani, kana kwamba kurudi ni tiketi ya ndege tu.

Nyumba yangu ya Eldoret imefika lenta. Mama anataka pesa za mabati kabla mvua hazijaanza, na nitazituma. Nimemwomba fundi aache kipande kimoja cha ukuta wa sebule bila plasta; amenihakikishia kwa simu kwamba ana mafundi wazuri na hakuna kitakachosahaulika. Jumapili ijayo tunaanza darasa la Kiswahili la watoto, saa moja kabla ya ibada. Wazazi wawili wameshauliza kama kutakuwa na cheti.