Bomba la Gesi Lisifichwe Ukutani Kwenye Soketi



Nikitembelea kaya yenye mtambo wa biogesi, swali langu la kwanza siku hizi si idadi ya ng'ombe. Nauliza: bomba la gesi limepita wapi?

Baadhi ya nyumba mpya kijijini zina kuta za ndani za fremu ya mbao, zilizopigiliwa jipsamu pande mbili. Katikati unabaki uwazi ambamo fundi umeme hupitisha waya. Sasa wenye nyumba wanataka bomba la gesi nalo lipite humo, jiko lionekane la kisasa. Nawaelewa. Mama aliyepulizia kuni miaka yote anastahili jiko la kupendeza. Lakini hapo sikubali.

Zaidi ya nusu ya biogesi ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja jikoni, hupanda na kutokea kwenye matundu ya juu. Ikivuja ndani ya ukuta, hujikusanya humo. Na soketi iko kwenye uwazi huo huo. Ukichomoa pasi inayowaka, cheche hutoka, nayo inatosha kulipua. Gesi ya mtungi ni nzito, hukaa chini, lakini ikifungiwa ukutani hatari ni ile ile. Halafu kuna misumari: anayetundika kalenda hajui nyuma yake kuna nini.

Mfugaji mmoja alikuwa amebakiza upande mmoja wa jipsamu tu. Nilimwomba asubiri. Alinung'unika kuhusu gharama, na ni haki yake, maana maziwa hayalipi sana. Tulilihamishia bomba nje ya nyumba, kazi ya nusu siku. Tulipopaka povu la sabuni kwenye viungo, kimoja kilitoa mapovu. Kiungo hicho kilikuwa kifungiwe ukutani, na upande wa pili wa ukuta ule wanalala watoto.

Kwa hiyo, zingatia haya:

1. Pitisha bomba nje ya nyumba, liingie ndani mkabala na jiko.
2. Likikatiza ukuta, lipite moja kwa moja ndani ya bomba kubwa zaidi, bila kiungo humo. Ziba upande wa ndani, upande wa nje ubaki wazi.
3. Liwe angalau sentimita 15 kutoka soketi na swichi, na sentimita 2.5 kutoka waya za umeme.
4. Lipe mteremko kuelekea sehemu ya kutolea maji, kwani biogesi hubeba mvuke.
5. Weka koki mbili: kwenye mtambo na karibu na jiko.
6. Pima viungo kwa povu la sabuni kila mwezi. Usipime kwa kiberiti kamwe.

Ukisikia harufu ya yai viza, zima moto, funga koki, fungua milango na madirisha, mtoke nje. Usiguse swichi wala soketi. Kama mtambo wako una chujio la kuondoa harufu, usitegemee pua.

Na kama bomba lako tayari limefichwa, funga koki ya kwenye mtambo leo. Waite fundi wa mtambo na fundi umeme waje siku moja. Kupikia mkaa wiki moja si aibu.