Picha Imebaki, Sauti Imekwenda Wapi?



Sisi watu wa Kindu tunajua namna video inavyosafiri. Arusi inafanyika hapa Jumamosi, na baba mdogo wa bibi arusi yuko machimboni upande wa Kalima, ama Kailo, ama mbali kabisa kule Namoya. Hakupata njia ya kuja. Basi video inatiwa ndani ya kadi ndogo ya telefoni, kadi inafungwa katika karatasi, na karatasi inaingia mfuko wa shati wa mwenye pikipiki. Lakini kadi ni ndogo, na telefoni ya yule baba ni ya zamani. Kwa hiyo mbele ya safari video inapelekwa kwa kijana mwenye kompyuta kando ya barabara, aipunguze na kuitoa katika aina moja ya faili na kuiingiza katika aina nyingine. Hapo ndipo sauti inapopotea. Watu wa kule wanaona midomo ikifunguka na kufungwa, korali ikiyumba kushoto na kuume, na kimya tupu.

Nimesikia watu wengi wakisema, ni kadi mbaya, ni telefoni ya bei rahisi. Mara nyingi hivyo vyote havina kosa.

Tuangalie jambo lenyewe. Faili ya video ni kama sanduku. Zile herufi za mwisho wa jina lake, mp4, avi, mkv, 3gp, ni jina la sanduku tu. Ndani yake mna vitu viwili vilivyofungwa mbalimbali: picha peke yake, sauti peke yake, na kila kimoja kimekunjwa kwa ufundi wake. Ufundi huo mafundi wanauita kodeki. Sauti inaweza kuwa imekunjwa kwa MP3, ama AAC, ama AC-3 ile ya DVD, ama AMR ya telefoni ndogo za zamani. Telefoni ikijua kukunjua picha lakini haijui kukunjua ile sauti, itakuonyesha picha bila neno moja. Sauti imo sandukuni, ila ufunguo haupo. Ndiyo sababu, video ikiwa bubu, neno la kwanza ni kuijaribu kwa programu ya VLC, ambayo ilianza kama kazi ya wanafunzi wa shule ya uinjinia huko Paris mwaka 1996, na tangu 2001 inatolewa bure. VLC inajua kodeki nyingi sana. Nimeona video zilizokwisha kuliliwa kama maiti zikisema tena mara tu zilipofunguliwa ndani yake.

Mimi katika shule ya Biblia nilifundishwa kupiga stensili, sikufundishwa mambo haya. Walionifundisha ni vijana wa korali, na shida ya mama mmoja.

Mwaka 2022 mama huyo, mjane wa hapa Kasuku, alikuja nyumbani jioni. Mume wake alikuwa mtu wa kasiterite. Siku chache mbele ya kufa, mtoto wao mkubwa alimchukua video kwa telefoni ndogo, dakika tisa. Mzee alisema parseli ni ya nani, nani anamdai na yeye anamdai nani, na kila mtoto akapata neno lake. Sasa siku ya kikao cha jamaa walitaka wote waione pamoja katika televisheni, basi wakaipeleka ibadilishwe. Televisheni ikawashwa, jamaa wamejaa nyumba, mzee anaonekana vizuri, anafungua kinywa tu. Shemeji mmoja akaanza kusema kwamba labda marehemu hakutaja parseli kabisa.

“Pasta, wananifanya mwongo,” mama akaniambia. “Mimi nilisikia na masikio yangu haya mawili.”

“Mama, ile telefoni ya kwanza iko wapi?”

“Iko kwa mtoto. Betri ilikufa.”

“Na video yenyewe mlifuta?”

“Hapana, Pasta. Hatukufuta kitu.”

Hapo nikapumua. Tuliazima betri. Telefoni ikawaka, mzee akasema, sauti yake ileile ya kukwaruza. Kijana wetu wa korali akaangalia faili na kuona jambo: sauti ilikuwa AMR ndani ya sanduku la 3gp. Yule wa barabarani alikuwa amekunja picha upya ndani ya mp4, na ile AMR akaihamisha vilevile ilivyo, na televisheni haikuijua. Kijana akaikunja sauti mara moja tu kwa AAC, picha asiiguse. Kesho yake jamaa wakaketi tena. Mengine aliyosema mzee si ya gazeti, lakini parseli alikuwa ameitaja, na jina la mama alilitaja wazi.

Hii AMR nayo tuijue. Ilitengenezwa kwa ajili ya maongezi ya telefoni. Inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde moja, wakati sahani ya CD inapima mara 44,100 na video ya kawaida mara 48,000. Mtu akisema, utamwelewa. Korali ikiimba, masoprano wanakuwa kama watu waliofungiwa ndani ya pipa. Tena, ukiisha kuipitisha sauti nzuri katika AMR, hata ukiirudisha kwa AAC ama MP3, kile kilichotupwa hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi kwa nini watu wanaipunguza sauti? Wanasema, tupate nafasi ndani ya kadi. Hebu tufanye hesabu, maana hapa watu wengi wanadanganyika. Video ya saa moja, picha ikiwa ya kilobiti 2,000 kwa sekunde, inakula karibu mega 900. Sauti yake, nzuri tu, ya kilobiti 128, inakula mega 58 hivi. Ukiiharibu sauti yote mpaka kilobiti 12.2, kile kipimo cha juu kabisa cha AMR ya telefoni, unapata mega 52. Ukipunguza picha nusu, unapata mega 450, na baba mdogo kule Namoya kwa kioo kidogo cha telefoni yake pengine hataona tofauti. Sauti mbaya ataisikia mara moja. Kwa hiyo mwambie kijana wa kompyuta maneno haya: punguza picha, sauti iache.

Na kompyuta inaweza kuiacha kweli. Programu nyingi za kubadilisha video zinatumia ndani yake FFmpeg, ambayo Mfaransa Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2000. Mtu anayeiandikia amri kwa mkono anatia maneno “-c:a copy”, na sauti inahamishwa kutoka sanduku hili mpaka lile bila kukunjuliwa wala kukunjwa upya, haipotezi hata chembe. Ila uliza kwanza kama chombo cha kule kinaijua sauti hiyo. Kama hakiijui, kama televisheni ya jamaa wa mama yule, hapo ikunjwe upya mara moja, kwa AAC, na si mara tatu nne mkononi mwa watu mbalimbali.

Kuna kupotea kwingine, na huku kunawapata hasa wale wanaoonyesha sinema usiku mbele ya watu. Sanduku moja laweza kuwa na sauti mbili, Kifaransa na Kiswahili. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo imekwisha kutiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, watu wanaipitisha kwa kadi katika faili za kila namna. Ukiibadilisha faili ya sauti mbili bila kusema lolote, FFmpeg inachagua sauti moja tu: ile yenye njia nyingi zaidi, na zikilingana, ile ya kwanza. Mara nyingi ya kwanza ni Kifaransa. Kiswahili kinabaki nje, na mabibi waliokuja na mikeka yao hawaelewi kitu. Dawa yake ni “-map 0”, yaani beba vyote vilivyomo.

Tena video za telefoni hazina mwendo mmoja wa picha. Gizani telefoni inapunguza mwendo, juani inaongeza. Programu nyingine zikiilazimisha mwendo mmoja, sauti inaanza sawa na kuchelewa kidogo kidogo, mpaka mwisho pasta anafunga kinywa na neno bado linakuja. Watoto wanacheka sana. Ukisikiliza dakika ya kwanza tu hutalijua hilo. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho, katika chombo kilekile kitakachotumika, mbele ya kufuta faili ya kwanza.

Kwa wenye kaseti za VHS za zamani, na makanisa yetu mengi bado yanazo: kamba ya manjano inapeleka picha, nyekundu na nyeupe zinapeleka sauti. Nimeona kaseti ikihamishwa saa mbili nzima kwa jenereta, petroli ikalipwa, na ile nyekundu na nyeupe zimelala chini ya meza. Safari hiyo kaseti ilikuwepo bado, wakaanza upya.

Baba mwingine, ng'ambo ya mto, Alunguli, hakuwa na cha kuanzia upya. Faili ya kwanza ilifutwa siku ileile ili kadi ipate nafasi ya nyimbo. Binti yake aliyekufa anaonekana akiimba, amevaa kitambaa cha korali. Wale walioimba naye wanatazama midomo yake na kumwambia baba ni ubeti wa ngapi.