Ghorofa ya Sita, Ghorofa ya Saba

Rafiki yangu anayeandika programu za kusoma DNA ana ofisi Kariakoo, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. "Panda mpaka ghorofa ya sita," aliniambia. Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi huku nikihesabu, nikianza na ile ya chini yenye maduka ya vitenge. Nikagonga mlango, kumbe ni stoo ya mabegi. "Bado moja, kaka," kijana mmoja akacheka.

Nilimfuata kwa sababu ya dada yangu. Mwanawe ana selimundu. Kwenye makala yangu niliandika kwamba kosa liko nafasi ya saba ya protini ya himoglobini. Kijitabu alichonacho nyumbani kinasema ya sita. Akanipigia: "Mdogo wangu, kwani mwanangu ana ugonjwa gani?" Sikuwa na jibu.

"Jibu umelipanda sasa hivi," rafiki yangu akasema. Akina Vernon Ingram, mwaka 1957, walichunguza protini iliyotoka kwenye damu. Hiyo imeshakatwa kiungo chake cha kwanza, methionini. Ukiihesabu hivyo, valini iliyokalia kiti cha asidi ya glutamiki ni ya sita. Wanaosoma jeni huanza na methionini, na valini hiyo hiyo inakuwa ya saba. Mlango mmoja, hesabu mbili.

Akafungua kompyuta. Kwenye DNA kosa ni herufi moja: GAG imekuwa GTG. Herufi hiyo ni ya 20 tangu protini inapoanza kuandikwa. Faili la GFF huanza kuhesabu na 1, kwa hiyo huandika 20 mpaka 20. La BED huanza na sifuri na huhesabu mipaka kati ya herufi, kwa hiyo huandika 19 mpaka 20. Kutoka BED kwenda GFF unaongeza moja mwanzoni, mwisho huugusi.

"Ukisahau?"

"Unasoma jirani." Na jirani wa kushoto ni G, wa kulia ni G, kwa mgonjwa na kwa mzima. Programu haitalalamika. Itasema hakuna kosa.

Nikashuka, nikampigia dada pale pale nje, makelele ya wamachinga yakinizidi. "Ni ugonjwa ule ule, dada. Wameanza kuhesabu mahali tofauti."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe mbona hukuandika umeanzia wapi?"

Usiku ule nilirekebisha makala. Sasa inasema: ya saba, ukianza na methionini.