Ujira wa Nyigu

Watu humsifu nyuki na kumlaani nyigu. Nyuki ana asali, na mwenye asali hakosi rafiki. Nyigu hana cha kutupa ila mwiba. Basi amehukumiwa bila ya kusikizwa. Mimi napenda kumsemea.

Ninayemsemea ni nyigu wa kawaida wa Ulaya, ambaye Carl Linnaeus alimpa jina la kitaalamu mwaka 1758. Mji wake huanzishwa na mjane mmoja. Malkia hulala majira yote ya baridi mafichoni, peke yake, na madume wote wamekwisha kufa. Joto la masika ya Ulaya likimwamsha, hukwangua mti mkavu kwa taya zake, akautafuna pamoja na mate mpaka ukawa karatasi. Kwa karatasi hiyo hujenga vyumba vya pembe 6, akataga yai katika kila chumba. Hana mtumishi wala yaya mpaka mabinti wa kwanza wakomae. Hapo wao hushika kazi, na kiangazi kikikolea mji huwa na maelfu ya wakazi.

Mabinti hao huwinda nzi na viwavi, wakampunguzia mkulima maadui asiowaona. Nyama hiyo huwalisha mabuu, nao mabuu huwarudishia tone la maji matamu. Huo ndio ujira wao.

Kiangazi kikielekea kwisha, mabuu hupungua na ujira hukatika. Nilipokaa Uingereza niliwaona nyigu mwezi wa Septemba wakizunguka vikombe vya chai na mikate ya jamu, na watu wakiwapiga kwa magazeti. Waliitwa wezi. Machoni pangu walikuwa vibarua walioachishwa kazi bila ya kiinua mgongo. Wiki chache baadaye baridi huwaua, wakasalia malkia wachanga peke yao, kila mmoja na mji mzima tumboni mwake.

Sisemi kwamba mwiba wa nyigu hauumi. Unauma sana, na kwa kuwa hauachi mwilini mwa mtu kama afanyavyo nyuki, aweza kuchoma tena na tena. Nasema tu kwamba uchungu wa mwiba si ushahidi wa ubaya wa moyo. Msomaji kijana, ukimkuta mwenye njaa mlangoni pako, uliza kwanza ni kazi gani aliyoifanya, na ni nani aliyefaidi jasho lake. Ukishajibiwa, ndipo uhukumu.